Kuvuka maji kwa kigari cha tiara kwenye ufuo wa mchanga

Kigari cha tiara ni kigari cha magurudumu matatu kinachovutwa na tiara na kuelekezwa kwa miguu, na maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu yanatosha kumtoa dereva wake kitini. Magurudumu yakiyagusa, kigari kinapoteza mwendo papo hapo, ilhali tiara iliyo mita 20 mbele yake inaendelea kuvuta. Kwa hiyo nguvu ya tiara ipunguzwe kabla gurudumu la mbele halijaloa. Ukisubiri uhisi maji ndipo uipunguze, umechelewa.

Maelezo haya ni kwa mtu anayeweza tayari kwenda na kurudi kwenye mchanga mkavu, kugeuka pande zote mbili, na kusimama pale alipokusudia. Kigari hakina breki. Asiyeweza kukisimamisha kwa tiara peke yake asiingie majini, hata yakiwa ya kina cha kidole.

Kinachotokea magurudumu yanapogusa maji

Chukua mfano wa upepo wa kilomita 20 kwa saa unaopiga ubavuni, nawe unakwenda kilomita 30 kwa saa. Upepo ambao tiara inaupata ni mchanganyiko wa hizo mbili: takribani kilomita 36 kwa saa, ukitoka karibu na mbele yako, nyuzi 34 hivi kutoka kwenye pua ya kigari. Maji yakikushusha ghafla hadi kilomita 12 kwa saa, upepo huo unashuka hadi 23, lakini pia unahama na kuanza kutoka nyuzi 59. Tiara iliyokuwa pembezoni mwa eneo inamoweza kuruka, mahali inapovuta kwa utulivu, inajikuta nyuzi 25 ndani zaidi ya eneo lenye nguvu. Inaruka mbele kwa kishindo. Wakati huohuo mwili wako bado unaenda kwa mwendo wa zamani. Mivuto hiyo miwili inaelekea upande mmoja, na ndiyo inayomng'oa mtu kitini.

Ikishafika mbele kabisa, tiara inaweza kupitiliza: kamba zinalegea, ukingo wake wa mbele unakunjika, inaanguka. Mara nyingi inaangukia majini.

Jambo la pili ni kuelea. Tairi pana lenye upepo mdogo, lile linalopendwa kwa mchanga laini, hupanda juu ya maji mapema kuliko tairi jembamba lililojaa. Kuna hesabu inayotumika kwa matairi ya ndege kwenye njia zilizofunikwa na maji: mwendo wa kuanza kuelea, kwa kilomita kwa saa, ni takribani 63 mara kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi kwa bar. Kwa bar 1 unapata 63. Kwa bar 0.25 unapata kama 31. Mchanga si lami, kwa hiyo usiitegemee tarakimu yenyewe, ila mwelekeo wake ni wa kweli. Tairi linaloelea halishiki ubavuni, na tiara huvuta ubavuni muda wote.

Siku, upepo na kupwa kwa maji

Upepo mzuri wa kujifunzia ni noti 10 hadi 15 (kama kilomita 19 hadi 28 kwa saa), usio na mishtuko. Kwa mtu wa kilo 75 katika noti 12 hadi 15, tiara laini ya vyumba (isiyo na fito, inayojazwa hewa na upepo) yenye mita za mraba 3 hadi 4 na kamba za mita 20 hadi 25 inatosha. Kuna mvuto wa kuchagua tiara kubwa zaidi kwa sababu maji yanakula nguvu. Usiufuate. Nguvu hiyo ya ziada itakuwepo pia unapotoka majini, wakati hakuna tena kinachokuzuia.

Mwelekeo wa upepo una uzito kuliko kasi yake. Upepo unaotoka baharini kuja nchi kavu ndio unaofaa: unakwenda na kurudi sambamba na bahari, tiara iko upande wa nchi kavu daima, na ikianguka inaangukia mchangani. Upepo unaovuma kufuata ufuo unakulazimisha kuelekea baharini na kugeuka ndani ya maji kila mara, jambo lisilomfaa anayeanza. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni marufuku kabisa kwa kazi hii, kwani ukiachia tiara inapotea, na ukiishikilia inaondoka nawe.

Tazama jedwali la maji kabla ya kutoka. Maji huchukua zaidi kidogo ya saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, na hayapandi kwa kasi moja. Gawa tofauti ya kina katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti hiyo ni kubwa zaidi na mchanga unaofunuliwa ni mpana zaidi. Anza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kugeuka, uwe tayari upande wa nchi kavu wa mifereji yote.

Sababu ni hii. Kwenye ufuo mpana huwa kuna mafungu ya mchanga yaliyolala sambamba na bahari, na kati yake mifereji. Maji yakijaa hayaanzi kwa kufunika fungu ulilopo, bali hupenya kwenye mapengo na kujaza mfereji ulio nyuma yako. Unaona mchanga mkavu pande zote, kumbe njia ya kurudi imeshafika kiunoni.

Kigari na mavazi

Tairi la kawaida la kigari lina kipenyo cha kama sentimita 40, kwa hiyo ekseli iko sentimita 20 juu ya ardhi. Hicho ndicho kipimo chako cha mwisho. Maji yakifika nusu ya kimo hicho, sentimita 10, unavuka kwa uangalifu. Yakikaribia ekseli, shuka utembee. Matairi mapana ya kipenyo cha sentimita 50 na zaidi yanapita kwenye kina kikubwa kidogo, lakini yana kasoro yake: kila moja husukuma maji mengi, na kigari kikianza kuelea, gurudumu la mbele halina tena uwezo wa kukigeuza.

Kwa matairi membamba, bar 0.7 hadi 1 hufaa kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mapana huendeshwa kwa bar 0.2 hadi 0.4. Usishushe zaidi ya hapo ukiwa majini. Tairi lililolegea sana huteleza juu ya rimu, likakokota tyubu na kung'oa vali, na mchanga hupenya kati ya tairi na rimu.

Weka madigadi gurudumu la mbele. Bila hiyo, maji yote yanayorushwa na gurudumu yanakuja usoni, na kwa sekunde mbili tatu huoni tiara wala njia. Hakikisha kiti kina matundu ya kutolea maji chini. Kiti kisichotoa maji hubeba lita kadhaa na kuongeza uzito mahali pabaya.

Vaa helmeti, miwani ya kukinga maji yenye mkanda, viatu vilivyofunika mguu mzima, na jaketi la kuelea. Jaketi hilo hupunguza pia pigo la mbavu unapoanguka. Pale maji yalipo ya baridi, suti ya mpira si anasa. Upepo juu ya nguo zilizoloa huondoa joto mwilini upesi na vidole hupoteza nguvu ya kushika.

Tiara ya mishikio miwili iwe na kamba za usalama zinazofungwa kwenye vifundo vya mikono na kuunganishwa na kamba za breki, zile zinazovuta ukingo wa nyuma wa tiara, ili ukiachia mishikio tiara izime yenyewe. Ukitumia mkanda wa kiunoni, uwe na kifungulio cha haraka ulichokijaribu siku hiyohiyo, kikiwa kimeloa na kina mchanga. Usijifunge kwenye kigari kwa namna yoyote. Kigari kikipinduka na wewe ukabaki chini yake, sentimita 20 za maji zinatosha kuzamisha mtu.

Kwanza tembea

Hakuna mbadala wa kuvuka mfereji kwa miguu kabla ya kuuvuka kwa kigari, hata kama ulipita hapo jana. Kila kupwa na kujaa hubadilisha mchanga.

Simamisha tiara, ilaze, kisha ingia. Sikiliza kisigino chako. Kikizama chini ya sentimita 2, mchanga ni mgumu. Kikizama zaidi ya 5, magurudumu ya nyuma yatazama pia. Angalia hasa kingo. Maji yanayokimbia hukata ukingo mmoja wima, kama ngazi fupi, na upande wa pili huacha mchanga laini uliojaa maji. Ngazi ya sentimita 15 iliyojificha chini ya maji husimamisha gurudumu la mbele kabisa. Tafuta mahali ambapo kingo zote mbili zinateremka taratibu, kwa kawaida pale mfereji unapotanuka. Ni pana zaidi, lakini kina ni kidogo. Chora mstari mchangani kwa kisigino pande zote mbili ili uuone kutoka kitini.

Kutoka mbali, uso wa maji una habari zake. Mawimbi madogo yaliyosimama mahali pamoja yanaonyesha maji yanayopita juu ya mchanga ulio karibu na uso. Uso laini, wenye rangi nzito, unaotembea polepole, una shimo chini yake. Maji yenye rangi ya mchanga ulioloa mara nyingi ni ya vidole vichache tu. Habari hizi zikusaidie kuchagua mahali pa kwenda kutembea.

Kuvuka

Anza na mchanga uliolowa tu, kisha utando wa maji wa sentimita 1 au 2, kisha dimbwi la mita 5. Ukiweza kupita dimbwi hilo mara nyingi pande zote mbili bila kamba kulegea, nenda kwenye mfereji.

1. Ukiwa mita 40 kabla ya maji, amua. Kwa kilomita 25 kwa saa una sekunde kama sita. Mwendo mzuri wa kuingilia mara za kwanza ni kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Ukiwa na zaidi, ghairi: elekeza kigari joshini, upande upepo unakotoka, mpaka kipungue.

2. Nyoosha njia ili uingie kwa pembe mraba na ukingo, magurudumu mawili ya nyuma yaguse maji pamoja. Ukiingia kwa mshazari, gurudumu moja hushikwa kwanza na kigari kinazunguka kulifuata.

3. Mita 20 kabla, pandisha tiara hadi kama nyuzi 60 kutoka ardhini. Usiipeleke juu ya kichwa. Ikiwa hapo inavuta juu tu: inapunguza uzito kwenye magurudumu ya nyuma na haikusukumi mbele.

4. Lala nyuma kitini, kunja viwiko na magoti, kanyaga vikanyagio vyote kwa nguvu sawa. Gurudumu la mbele linyooke. Funga mdomo.

5. Maji yanapogusa, acha mikono iende mbele ili ifyonze mshtuko, huku ukivuta kidogo ncha za chini za mishikio. Breki hiyo ndogo ndiyo inayozuia tiara isiruke mbele. Kwa tiara ya upau, inayoshikwa kwa fimbo moja badala ya mishikio miwili, sukuma upau mbali nawe.

6. Mwendo ukishatulia, shusha tiara mara moja kwa mkunjo mmoja mpana na uirudishe juu. Hiyo inakupa nguvu ya kumaliza. Usikubali kushuka chini ya mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kwa sababu chini ya hapo magurudumu huanza kukaa mchangani.

7. Kwenye ukingo wa kutokea, weka tiara juu mpaka magurudumu ya nyuma yatoke. Watu wengi hulegea hapa. Maji yakiachia, nguvu iliyokuwa ikishindana nayo inabaki yote kwako, na kigari hurukia mbele.

Kukimbia kandokando ya mawimbi

Hii ndiyo sehemu tamu zaidi, na inahitaji akili tofauti na mfereji. Utando wa maji unaopandishwa na wimbi unasukuma ubavuni, kisha unarudi baharini ukichukua mchanga chini ya matairi. Pita nao wakati umefika mwisho wa kupanda, au kwenye ule uliokonda tu. Wimbi likija zito, ondoka kuelekea nchi kavu kabla halijakufikia. Usigeuze wakati limekuzunguka.

Kugeuka kuna mtego. Tumezoea kugeuka kwa kuelekea joshini kwa sababu kunapunguza mwendo. Upepo ukitoka baharini, joshini ni baharini. Ukigeuka hivyo ukingoni unaingia kwenye kina huku tiara ikiwa haina nguvu ya kukutoa. Kwa hiyo ondoka kwanza mita 20 au 30 kwenda mchanga mgumu, punguza mwendo, ndipo ugeuke ukiwa na nafasi ya kutosha upande wa bahari. Waliobobea hugeuka kwa kupitia demani, upande upepo unakokwenda, ambao hapa ni nchi kavu, moja kwa moja kutoka kwenye maji, lakini mgeuko huo huongeza mwendo na unataka tiara inayokutii bila kuitazama.

Waogaji na watembeao hupenda ukingo huohuo wa maji. Wao wana haki ya njia kila mara, na kamba za mita 25 zinafagia eneo kubwa kuliko kigari chenyewe. Mkipishana na kigari kingine, aliye joshini hupandisha tiara, aliye demani huishusha. Mahali palipo na ndege wengi wanaokula, pita mbali. Baadhi ya fuo pia huhitaji kibali kwa kigari chochote chenye magurudumu, uliza kabla.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kigari kinateleza kwa ubavu: matairi yanaelea na tiara iko chini mno. Pandisha tiara na elekeza pua kidogo demani, nyuzi 10 au 15, ili mvuto utoke mbele. Usikate usukani kwa nguvu. Tairi likishika ghafla likiwa limepinda, linachimba kama jembe na kigari kinapinduka.

Pua inazama: uzito wako uko mbele. Mara nyingi mtu huinama kuyakwepa maji yanayorushwa, na huko kuinama ndiko kunakomponza.

Umekwama katikati: usiivute tiara kwa nguvu zaidi, kwani utatoka wewe na kigari kibaki. Izime, ilaze, shuka, tembeza kigari. Usishuke tiara ikiwa hewani juu yako. Kigingi cha kufungia mishikio hakishiki vizuri kwenye mchanga uliojaa maji, kwa hiyo tumia kirefu cha skrubu au mfuko wa mchanga.

Tiara imeanguka majini: inategemea aina. Ile yenye vali hubaki na hewa, huelea, na yaweza kupaa tena. Ile yenye vinywa wazi hunywa maji kwenye kila chumba. Ukiivuta ikiwa imejaa na wimbi linavuta upande wa pili, kuta za ndani huchanika. Ikianza kukukokota, achia mishikio. Ikitulia, ifikie kwa kuvuta kamba moja tu ya breki, bila kuizungusha mkononi. Ishike kwenye ukingo wa nyuma na uinue taratibu, vinywa vikitazama chini, maji yatoke. Kama ina matundu ya velkro kwenye ncha za mabawa, fungua hayo kutoa mchanga.

Baada ya chumvi

Beringi nyingi za vigari zina mpira pande zote mbili. Mpira huo huzuia vumbi na matone, lakini kuzamishwa ni jambo jingine. Kitovu kilichopata joto kikiingia maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia ukingo wa mpira. Jaza nafasi iliyo kati ya beringi mbili kwa grisi ya baharini. Mahali palipojaa grisi hapana hewa ya kusinyaa. Kwa ekseli ya milimita 20, beringi ya kawaida ni 6004-2RS, yenye kipenyo cha nje cha milimita 42 na upana wa 12. Beba mbili za akiba.

Siku hiyohiyo, osha kigari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa mtiririko wa polepole. Pampu ya shinikizo husukuma chumvi ndani ya beringi badala ya kuitoa. Inua kigari kwa pua, kisha kwa mkia, mpaka mabomba ya fremu yatoe maji na mchanga. Fungua bolti ya uma wa mbele, futa, paka grisi, rudisha. Bolti za chuma kisichoshika kutu zilizoingia kwenye alumini zipakwe grisi kila mara, la sivyo metali hizo mbili zikilowa chumvi alumini huliwa na bolti haitoki tena.

Tiara isuuze na uikaushe kivulini, kwa kuwa jua hudhoofisha nailoni. Kamba za Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, hazinywi maji. Adui yao ni mchanga, kwa hiyo zipitishe kati ya vidole mita kwa mita chini ya maji yanayotiririka na utafute nyuzi zilizochanika, hasa karibu na mafundo. Kesho yake zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likikwaruza, badilisha beringi kabla ya kutoka tena.